Chipsi za Alhamisi

Haji hakuwahi kuninyima kitu mpaka siku nilipomwomba anipikie chakula cha marehemu mume wangu, Khalfan.

Nilimwomba kwa simu, akasema kazi zimemzidi. Nikamwomba tena alipokuja kuliwasha gari la Khalfan, kama alivyokuwa akifanya kila Ijumaa ili betri isife. Aliinamisha uso ndani ya boneti, akasema jibini yake ni taabu kupatikana. Nilijua si kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiigandisha jibini hiyo kila asubuhi, katika jiko la hoteli ya West Bay, hapa Doha, alikokuwa mpishi, kwa sababu ile inayoletwa kwa ndege hufika ikiwa bubu.

Hilo la jibini kuwa bubu nililipata kwa Khalfan, siku za mwanzo wa ndoa yetu.

"Ikiwa mbichi inalia ukiitafuna," aliniambia. "Kama malapa yaliyorowa. Ikilala siku mbili inanyamaza."

Chakula chenyewe Wakanada wanakiita putini. Ni mbatata za kukaanga, juu yake mabonge ya jibini mbichi, kisha humwagiwa mchuzi mzito wa nyama ungali unatokota, mpaka jibini ianze kulegea. Mpishi mkuu wa hoteli alikuwa mtu wa Kebeki, huko huko Kanada, na alipenda kuwaambia vijana wake kwamba kwao hicho si chakula cha njaa. Hukila aliyefiwa, aliyeachwa, aliyeingia nyumbani na theluji kwenye viatu. Sisi theluji tuliiona kwenye televisheni tu. Lakini majonzi ya kuwa mbali na kwetu tulikuwa nayo, tena ya kutosha, na Khalfan akayaletea dawa.

Kila Alhamisi jioni, akimaliza kuwaendesha wageni wa hoteli, aliingia chumbani kwetu Abu Hamour na chombo cha foili kakikumbatia kifuani kama kabeba mtoto. Siku za joto shati lilikuwa limemganda mwilini kwa jasho.

"Nimekupikia," alikuwa akisema.

"Mwenyewe?"

"Wapishi huniachia jiko kidogo."

"Mbona hapa nyumbani hata chai huniwekei?"

"Mkono wangu unafanya kazi West Bay tu. Ukifika huku unalala."

Nilikuwa nikicheka, nalivua lile shati na kuliminya bafuni, jasho linachuruzika, na moyoni najisemea kwamba mwanamume huyu kasimama mbele ya moto kwa ajili yangu. Tuligombana sana mwaka ule wa kwanza, kama wagombanavyo wawili wanaojifunza kulala chumba kimoja, mimi nikitoka kulea watoto wa shule ya chekechea, yeye akitoka barabarani. Lakini hakuna ugomvi wetu uliovuka Alhamisi.

Miaka ikapita hivyo, kisha usiku mmoja wa mwezi wa sita Khalfan alilala, asubuhi hakuamka. Moyo, walisema. Akazikwa hapa hapa, makaburi ya Abu Hamour, upande wa pili wa barabara ninayoipita nikienda kazini.

Nilikaa eda katika chumba kile kile. Nilipotoka, ndipo harufu ilipoanza. Kila Alhamisi karibu na magharibi iliingia kutoka mlangoni, mahali lilipokuwa bado limetundikwa koti lake la kazi. Harufu ya mchuzi ule, na chini yake kitu kingine kitamu ambacho sikuwahi kukijua jina. Nilijaribu kuupika mwenyewe mara nyingi, haukuwa wenyewe. Nikawa naacha mlango bila komeo siku hiyo, naweka sahani mbili, nakaa kitandani nimejifunika kanga mpaka giza liingie.

"Mimi siisikii," alikuwa akisema Loice, jirani yangu Mkenya ambaye chumba chake na changu vilitenganishwa na ubao tu. "Na pua yangu unaijua. Mtu akichoma mahindi Kawangware, mimi niko hapa Doha naisikia. Warda, hiyo iko kwa kichwa yako."

Pengine. Lakini Haji alipoleta posa, kwa adabu, kupitia kwa mjomba wake, harufu ilizidi. Wiki ile ilikuja hata Jumatatu. Nikajua Khalfan hataki.

Ndiyo maana nikang'ang'ania hitima ya mwaka. Kwetu, marehemu husomewa, na hupikiwa kile alichokipenda, kikatolewa sadaka ili thawabu zimfikie. Nilijiapia kwamba nitampikia Khalfan chake, nitakitoa kwa mkono wangu, kisha nitamwomba ruhusa. Akinipa, nitamjibu Haji. Asiponipa, nitarudi Unguja niolewe na mdogo wake Khalfan, kama watakavyo wakwe zangu.

* * *

Wasomaji walikuja baada ya swala ya Ijumaa. Waligawana juzuu, wakasoma, wakala biriani ya wifi yangu Zuleikha, wakatuombea dua na kuondoka. Ikabaki sahani ya Khalfan. Hiyo niliazimia kuipeleka West Bay, kwa madereva wenzake waliokuwa zamu.

Tulikaa sakafuni jikoni, pembeni mwa chumba kile kile, tukimenya mbatata. Zuleikha ni dada mkubwa wa Khalfan, mwenye nyusi kama zake, na kwa hiyo kumtazama kulikuwa kunaniuma. Alikuwa akilea watoto katika nyumba moja upande wa pili wa mji, na mkataba wake ulikuwa umekwisha.

"Jumapili nasafiri," alisema bila kuniangalia. "Mama akinipokea uwanjani hatoniuliza nimemletea nini. Ataniuliza Warda kasemaje."

"Najua, wifi."

"Vuai kijana mzuri. Ana adabu, ana duka lake Darajani. Ni damu moja na mumeo."

"Nilipoolewa, Vuai alikuwa anavaa kaptula ya skuli. Mie ndiye niliyekuwa nikimsahihishia hesabu."

"Basi sasa kavaa suruali."

Loice alikuwa amekaa mlangoni na gauni lake la kanisa, ametoka ibadani Mesaimeer, maana makanisa ya huku husali Ijumaa, anatukatia vitunguu. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Pole, dada Zuleikha. Lakini hiyo imenimaliza."

Zuleikha hakucheka. Aliweka chini mbatata aliyokuwa nayo, akajifuta mikono kwa kanga taratibu.

"Mama hakuliona kaburi, Warda. Mwanawe kazikwa nchi ya watu, yeye kaletewa picha ya ukuta wa makaburi. Mtoto hamkujaaliwa. Anataka abaki na kitu cha Khalfan ndani ya nyumba, na kitu chenyewe ni weye."

Angenitukana ningejua pa kushika. Nikaendelea kumenya, na machozi yakaangukia maganda.

"Na huyo mpishi wako," akaendelea, sasa kwa sauti ya kujikaza. "Kuposa mke wa rafiki yake kaweza, kumkaangia marehemu mbatata mpaka abembelezwe."

"Kasema atakuja."

"Na hebu nambie jambo moja. Ati Khalfan alikuwa akikupikia. Khalfan yupi? Khalfan wetu sisi alikuwa hajui kuwasha stovu. Siku moja kaiwasha, kaunguza nyusi, akenda skuli kama yai."

"Mapenzi yalimfundisha."

"Mapenzi hayamfundishi mtu kukaanga," alisema Zuleikha, akarudi kwenye mbatata zake.

Hodi ya Haji ilipigwa muda huo huo.

Aliingia kainamisha kichwa, kama ambavyo huinama kila mlango hata ule mrefu. Ni mtu wa Wete, mwembamba, na mikononi ana madoa meusi ya mafuta yaliyomrukia miaka mingi. Alibeba bakuli lililofunikwa kitambaa safi. Nilipolipokea, vidole vyetu viligusana chini ya kitambaa, na bakuli lilikuwa bado na uvuguvugu. Aliniangalia kidogo tu. Kisha akaangalia koti la Khalfan mlangoni, kwa muda mrefu zaidi.

"Assalaam aleikum. Dada Zuleikha. Loice. Warda."

"Waaleikum salaam," alijibu Zuleikha. "Tangu lini shemegi kawa Warda?"

Masikio ya Haji yalibadilika rangi. "Tangu nilipopeleka posa, dada. Nikimwita shemegi nitakuwa namdanganya."

"Eee," alisema Loice polepole, akiendelea na vitunguu.

Zuleikha aliinuka kwenda kutia udhu kwa ajili ya alasiri. Pale mlangoni aligeuka. "Nikimaliza kuswali nataka jibu langu," aliniambia mbele yake, makusudi.

* * *

Haji alianza kupika. Alizikaanga mbatata mara ya kwanza mpaka zikaiva bila kuchukua rangi, akaziacha zipumue, akazirudisha kwenye mafuta makali zaidi. Kwenye jiko la pili aliunguza unga kwa siagi mpaka ukawa kama udongo wa kwetu mvua ikinyesha, akatia supu ya nyama, vitunguu vya Loice na pilipili manga, akakoroga. Nilisimama karibu naye kujifunza. Kiyoyozi cha jikoni kilikuwa kibovu, na jasho lilimtiririka shingoni. Nikalitazama jasho lile nikamkumbuka mwingine, nikaona aibu, nikarudi nyuma hatua moja.

"Unaniogopa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikuogopi wewe."

Alielewa. Hakuangalia mlangoni, lakini alielewa.

Ndipo nilipouona mkono wake. Mkono wa kulia ulikuwa unakoroga. Ule wa kushoto uliinuka wenyewe, bila macho kuuelekeza, ukaenda kwenye shubaka langu la viungo, ukapita iliki, ukapita karafuu, ukafungua kopo la mdalasini. Kidole gumba kilivunja kipande kidogo kama ukucha. Mkono ukaja juu ya sufuria, na hapo ukasimama, kama mtu aliyeitwa jina lake nyuma ya mgongo.

Haji alikitazama kile kipande. Kisha akakirudisha koponi, akafunga.

Aliepua, akapanga chipsi, akatawanya jibini, akamwaga mchuzi. "Onja," alisema.

Nilionja. Jibini ililia kwenye meno yangu, mara ya kwanza tangu Khalfan aondoke, na kilio kile kidogo kilinipasua. Mchuzi ulikuwa mzuri. Lakini haukuwa wenyewe.

"Mzuri," nikasema. "Lakini siyo wa Khalfan."

"Kila mtu na mkono wake," alijibu upesi, na pumzi ikamtoka. Sijapata kumwona mpishi aliyeambiwa chakula chake sicho akashukuru vile.

Nilinyoosha mkono nikachukua lile kopo la mdalasini.

"Warda, usitie."

"Kwa nini?"

"Wenyewe hawatii. Mpishi mkuu alinifokea wiki yangu ya kwanza. Nilitia kwa mazoea tu, kama mchuzi wa kwetu, akamwaga sufuria zima."

"Kama hawatii, mkono wako umekwenda kufanya nini pale?"

Niliwasha tena jiko chini ya mchuzi uliobaki. Nikavunja kipande kama ukucha, nikakitumbukiza, nikakoroga, nikangoja.

Harufu iliinuka.

Haikuja kutoka mlangoni safari hii, ilitoka chini ya mkono wangu. Harufu ya Alhamisi, yote, na kile kitu kitamu ambacho miezi yote ile sikukijua jina. Nikashika ukingo wa jiko. Nyuma yangu Loice aliacha kukata.

"Sasa hiyo," alisema taratibu, "hata mimi naisikia."

Nilionja kwa ncha ya kijiko. Nikafumba macho, na Khalfan akawa amesimama mlangoni na chombo chake kifuani, anatabasamu, anasema mkono wangu unafanya kazi West Bay tu. Nikafumbua. Mlangoni palikuwa na koti. Aliyesimama mbele yangu alikuwa Haji, uso umemwiva kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

"Ni wewe," nikasema.

"Warda."

"Alhamisi zote. Ni wewe uliyekuwa ukipika."

Loice aliinuka, akachukua bakuli la vitunguu ambavyo havikuwa vinahitajika tena, akatoka nje ya mlango na kusimama pale pale ukumbini, mgongo kwetu.

"Mara ya kwanza mlikuwa mmegombana," alisema Haji. "Alikuja mlango wa nyuma wa jiko, kavurugika. Akaniuliza wale Wakanada wakivurugika hula nini. Nikampikia ile ya sufuria yangu, ile yenye mdalasini, ya kula wenyewe wafanyakazi. Asubuhi akanijia anacheka. Akaniambia, ndugu yangu, nimekuibia mkono wako. Warda kaniuliza nani kapika, nikasema mie, na kacheka ambavyo sijamwona akicheka tangu tuje huku. Usinifichue."

"Na wewe ukakubali."

"Chipsi tu, nilijua. Sikujua zitakuwa kitu kikubwa namna hii."

Hasira ilinipanda ambayo sikuijua, mimi ambaye hata watoto wa chekechea hunishinda sauti. "Kila Alhamisi nimeacha mlango wazi, Haji. Nimeweka sahani mbili. Nilichokuwa nakililia ni chako. Nilikuwa na kitu kimoja cha Khalfan alichonifanyia kwa mkono wake, kimoja tu, na leo umekichukua."

"Ndiyo maana nilikataa," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nilijua ukionja utajua. Nimekuja leo nipike vibaya, nimalize, niondoke. Sikutaka unipate mie kwa kumpoteza yeye mara ya pili."

Mafuta yalikuwa bado yanatatarika kwenye kikaango. Nilifikiri juu ya lile shati nililokuwa nikiliminya, na hilo ndilo lililoniuma kupita yote.

"Alikuwa anakuja amelowa," nikasema, karibu kwa kumsuta. "Jasho mpaka kwenye mkanda. Nilikuwa nikiona ni moto wa jiko. Kumbe hata jasho lilikuwa uongo?"

Haji alikunja uso. "Jasho? Khalfan jikoni haingii. Anangoja pale mlangoni penye baridi, na mie..." Kitu kilimjia, nikaona kinavyomjia, kikampita usoni kama kivuli cha ndege. "Gari," alisema.

"Gari gani?"

"Alikuwa anazima kiyoyozi. Nilimwona mara nyingi akiondoka, vioo juu, kiyoyozi kimezimwa, Agosti hiyo, lami inayeyuka. Anasema upepo wa baridi ukizipiga zinakauka, mchuzi unaganda, jibini inanyamaza njiani. Nikamwambia, we Khalfan, mpaka ufike Abu Hamour utakuwa umeiva kuliko hizo chipsi. Akanambia, Warda hapendi ya baridi."

Nilizima jiko chini ya kikaango.

"Na si hilo tu," Haji aliendelea, sasa kwa pupa, kama mtu anayerudisha vitu vya watu kimoja kimoja. "Nani aliyenambia unapenda jibini itangulie chini, si juu? Nani aliyenambia ukilia hutaki pilipili manga nyingi? Mie nilikuwa sikujui, sijakuona hata sura. Nilipika alivyonambia. Alikuwa akikutazama unavyokula, Warda, halafu Jumamosi ananisimulia."

"Kwa hiyo alipika kweli," nikasema, na sijui kama nilikuwa nacheka au nalia. "Alijipika mwenyewe."

Nilipogeuka, Zuleikha alikuwa mlangoni na vazi lake la kuswalia, kando ya Loice. Sijui alisimama hapo tangu lini. Nyusi zile za Khalfan zilikuwa zinatetemeka. Nilingoja aseme neno la kutukata sote wawili.

"Tieni mdalasini kwenye zote," alisema. "Kisha twendeni, zitapoa."

* * *

Tulitumia kigari cheupe cha Khalfan. Haji aliendesha, Zuleikha akakaa mbele kando yake ili pasiwe na la kusemwa, mimi nyuma na vyombo vya foili magotini. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Tulipita barabara ya makaburini, na kama kawaida niligeuza uso upande wa ukuta ule mrefu.

"Jibu langu," alisema Zuleikha, akitazama mbele.

Mkono wangu ulikuwa juu ya foili. Niliisikia ikianza kupoa.

"Haji," nikasema. "Zima kiyoyozi."

Macho yake yalikutana na yangu kwenye kioo. Alizima.

"Mna wazimu?" alisema Zuleikha. "Mwezi wa sita huu."

"Zitapoa, wifi."

Joto liliingia taratibu, kisha likajaa. Jasho lilitutoka sote, likatuchoma macho. Na gari lilipokuwa kama tanuri, viti vikaanza kutoa kilichokuwa ndani yao. Kwanza hafifu, kisha wazi: mchuzi wa zamani, mdalasini, na harufu ya shati la Khalfan. Mwaka mzima vilikuwa vimeihifadhi kwenye vitambaa vyake, vikingoja joto tu. Ilinizunguka shingoni. Sikuogopa. Mahali patupu kando yangu palikuwa pazito kama pana mtu, na nilisogeza vyombo kidogo kumpa nafasi.

Zuleikha aliinua kanga akajifunika uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Ni yeye," alisema ndani ya kanga. "Huyu ni yeye kabisa."

Nilinyoosha mkono nikamshika bega. "Wifi yangu. Kigari hiki nitakipeleka Unguja, nikilipie meli. Mama akae ndani yake jua la saa saba, afunge vioo, amnuse mwanawe. Hicho ndicho cha Khalfan nitakachompa. Vuai mwambie namheshimu. Ni mdogo wangu, na mdogo wangu sitamwita mume."

Minara ya West Bay ilikuwa imeshaanza kuonekana, vioo vyake vinawaka kwa jua la jioni.

"Na huyu?" aliuliza mwishowe, akimwonyesha Haji kwa kidevu, kama kwamba hayupo.

Haji alishika usukani kwa mikono miwili. Tone la jasho lilimning'inia kidevuni na hakulifuta. Nilisikiliza kando yangu, pale pazito. Nikangoja. Hapakuwa na neno, lakini wala hapakuwa na kizuizi. Ilikuwa kama mtu aliyegeuza uso dirishani ili awaachie wenzake wazungumze.

"Huyu namwambia jambo moja," nikasema. "Haji. Mie sipendi ya baridi."

"Najua," alisema.

"Unajua kwa kuambiwa."

"Kwa kuambiwa," alikubali. "Ukiniruhusu, nitajua kwa macho."

Zuleikha alishusha kanga, akajipangusa uso uliorowa machozi na jasho. "Mjomba wako ampigie simu baba yake Warda," alimwambia Haji kwa ukali. "Na afanye adabu. Huyu anatoka kwetu."

Tulisimama mlango wa nyuma wa hoteli, kule walikongoja madereva. Mlango wa gari ulipofunguliwa hewa ya nje ilikuwa ya moto pia, lakini baada ya ile tuliyoitoka ilitupita kama baridi, na nikaisikia ile harufu ikitoka pamoja nasi, ikinipita begani, ikienda. Sikuikimbilia. Herbert, dereva mmoja wa Kampala aliyekuwa akipokezana zamu na Khalfan, alikuja kunipokea chombo. Alifungua foili, na mvuke ukampanda usoni.

"Bado ya moto," alisema kwa mshangao. Akatutazama tulivyolowa, mmoja mmoja, wifi yangu, Haji, mimi, kisha akalitazama lile gari jeupe. Akavua kofia. "Ya Khalfan?" aliuliza.

"Ya Khalfan," nikasema. "Kula kabla jibini haijanyamaza."